Mkeka wa Darasa la Nne

Ukitafuta mtu wa kuwafundisha watoto kutulia, Kiden si mtu wa kwanza utakayemfikiria. Alitembea kama aliyechelewa hata siku za Jumapili, na sauti yake ilisikika darasani, ofisini na kwa wauza mkaa ng'ambo ya ua wa shule. Lakini Madam Serah, Mkenya aliyeletwa Juba na shirika lake kuandaa masomo ya hisia na utulivu kwa shule za msingi, alikuwa amekutana na walimu wengi waliosema ndiyo kwa kila kitu. Kiden alikuwa wa kwanza kusema hapana, tena kwa Kiswahili chake cha kambi ya wakimbizi Uganda. Serah akamchagua papo hapo waandike pamoja.

"Hii ya bahari toa," alisema Kiden, akigonga rasimu kwa kidole.

"Lakini Mwalimu, hii watoto huipenda. Unafunga macho, unasikia mawimbi, unapumua polepole."

"Mawimbi ya wapi, Madam? Hawa watoto hajaona bahari. Wao wanajua mto, na mto iko na mamba. Mtoto atafunga macho namna gani kama mamba iko karibu?"

Serah alicheka mpaka akavua miwani. "Haya, bahari imeenda. Tuweke nini?"

"Weka mtu. Kila mtoto hapa iko na mtu anataka kuona, na huyo mtu hayuko. Afunge macho, afikirie huyo, atume salamu na pumzi. Hiyo watafanya bila kuambiwa mara mbili."

Ndivyo somo lilivyozaliwa. Madawati hayakutosha, kwa hiyo Kiden akaamua watoto wakae kwenye mikeka uani, miguu wameinyoosha mbele na mikono mapajani, maana mtoto akichuchumaa haishi kujinyonganyonga. Yeye mwenyewe alijifunza kusoma akiwa amekaa hivyo, kwenye udongo wa kambi, na kwake mkeka ulikuwa shule. Chini ya ukurasa palibaki mstari mmoja wa mwongozo wa zamani: *Ukifika nyumbani, tafuta mahali pa utulivu ufanye zoezi hili peke yako.* Wote wawili waliusoma mstari huo wakaupitisha. Ulionekana wa maana kabisa.

Walilijaribu somo darasa la nne siku ya Alhamisi. Watoto zaidi ya sabini walinyamaza kiasi kwamba mwalimu mkuu alitoka ofisini kuangalia kama wametoroka. Wengine walitabasamu wakiwa wamefumba macho, wengine walifuta machozi kwa kola za mashati, na somo lilipoisha hakuna aliyemsukuma mwenzake kwenda kunywa maji. Kiden alijisikia vizuri, na hakuficha. Kesho yake wageni wa wizara walikuwa wanakuja kulitazama somo hilo. Wakiridhika, lingepelekwa katika shule nyingine na Kiden angewafundisha walimu wenzake. Aliitaka kazi hiyo kwa moyo wake wote, na hakuona sababu ya kujifanya haitaki.

"Kesho tunawamaliza," alimwambia Serah, wakabaki shuleni kupanga.

Harriet, binti yake Kiden, alikuwa darasa hilo hilo la nne. Alitangulia kurudi nyumbani, chini ya mlima wa Jebel Kujur, huku akiwaza kazi aliyopewa. Mtoto wa mwalimu ana shida yake: asipofanya kazi ya nyumbani, aliyeitoa anakula naye chakula cha jioni. Akatafuta mahali pa utulivu. Ndani mabati yalikuwa yamepata moto. Akatoa mkeka, akautandika katikati ya uwanja, akavua viatu, akanyoosha miguu, akafumba macho.

Bibi yake, Natalina, alikuwa kando ya jiko akimenya karanga. Wajukuu walimwita Haboba, kama bibi wengi wanavyoitwa Juba. Aliinua macho, akamwona mtoto, na karanga zikamtoka mkononi.

"Harriet! Unafanya nini hapo chini?"

"Ninatulia, Haboba."

"Kwa nini miguu iko hivyo?"

"Ni somo. Ninafikiria mtu hayuko."

"Mtu gani hayuko?"

"Amu Jubek."

Hesabu ya mtoto ilikuwa sahihi. Baba yake yuko sokoni na jioni atarudi. Mama yake yuko shuleni. Bibi wa upande wa pili yuko Arua na anapiga simu mpaka watu wanachoka. Katika familia nzima, aliyekosekana ni mmoja tu, yule kijana wa kwenye picha iliyotundikwa juu ya televisheni.

Jubek, mdogo wake Loro, baba yake Harriet, alitoka kutafuta unga wakati wa mapigano ya Julai 2016 na hakurudi. Hakuna aliyeuona mwili wake, wala kaburi. Loro alikataa katakata kumwekea bika, yaani matanga. "Hatumlilii mtu aliye hai," alisema, na kwa kuwa ndiye aliyebaki kuibeba nyumba, neno lake likasimama. Kila tetesi aliifuata. Mara Jubek ameonekana Khartoum, mara kambi fulani ya Uganda, mara Bentiu anauza samaki. Haboba, mama yao, alinyamaza pamoja naye mwaka baada ya mwaka, na nyumba ikazoea.

Sasa mjukuu wake amekaa chini katikati ya uwanja, miguu ameinyoosha na viatu kavivua, kama wakaavyo wanawake wa nyumba iliyofiwa, na kinywani ana jina la Jubek. Haboba alitaka kumwambia inuka. Alifungua mdomo kwa nia hiyo hasa. Kilichotoka kilikuwa kilio.

"Jubek! Jubek wangu! Uuuwi, mtoto yangu!"

Watu wa Jebel hawasubiri maelezo ya kilio. Mama Puok wa nyumba ya jirani aliacha sufuria motoni akaja mbio, naye akajitupa chini. Baada yake wakaja wa upande wa pili, kisha wa nyuma, kisha wapita njia. Vijana wa kanisa walikimbilia turubai na viti vya plastiki. Kabla hata machozi ya kwanza hayajakauka, kamba zilikuwa zimefungwa, moto wa chai umewashwa, na mfuko wa sukari umekaa kwenye meza ambayo hakuna aliyejua imetoka nyumba gani.

Hakuna aliyeuliza kitu, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake anajua. Mmoja alisema ni simu kutoka Khartoum. Mwingine akamsahihisha kwa upole kwamba ni Bentiu, na kwamba hata nguo za marehemu zimetambuliwa. Harriet alikuwa amejificha nyuma ya pipa la maji, akisikia jinsi kazi yake ya nyumbani ilivyokua.

Kiden aliona turubai kutoka barabarani, akaanza kukimbia. Alimfikiria Loro, kisha Harriet, kisha mama mkwe, akawaua wote watatu kichwani kabla hajafika kwenye geti. Mama Puok akamkumbatia.

"Malesh, Kiden. Pole mama. Afadhali sasa munajua."

"Tunajua nini?"

"Ya Jubek."

"Nani alileta habari?"

Mama Puok alimwachia, akamtazama vizuri. "Si nyinyi ndio munajua?"

Huko sokoni Loro alipewa pole kabla hajajua amefiwa. Alikuwa akimpimia mteja mnyororo wa pikipiki mtu mmoja alipopita, akavua kofia na kusema, "Malesh, Loro. Mungu amupumzishe Jubek." Loro aliacha duka wazi, mnyororo ukiwa mikononi mwa mteja, akakimbia mpaka kwake. Njiani tayari alikuwa analia, na hilo lilikuja kumuuma baadaye kuliko mengine yote.

Alisimama katikati ya turubai, ovaroli yake ina grisi kifuani. "Nani alileta habari?"

Watu wakatazamana. Katekista Jacob, aliyekwisha kufungua kitabu cha nyimbo, alikohoa. "Tumesikia ni simu, Baba Harriet. Kutoka Khartoum."

"Simu ya nani? Alipigia nani?"

Jacob akageuka kumtazama Haboba. Haboba hakuinua kichwa. "Mutoto," alisema.

"Mtoto gani?"

Harriet alitokeza nusu ya uso nyuma ya pipa. "Mimi nilifanya kazi ya Mama tu," akasema, akaanza kulia.

Hapo Kiden alielewa kila kitu kwa mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Angeweza kumvuta mume wake kando. Lakini mtoto alikuwa analia mbele ya watu, na watu walikuwa wakimtazama mtoto, kwa hiyo akapaza sauti ile ile ya darasani.

"Jamani, habari haikuja. Hakuna simu. Ni somo yangu. Nimefundisha watoto kukaa chini, kufunga macho, kufikiria mtu hayuko. Harriet amefanya hapa nyumbani. Mama ameona, amelia. Kosa ni yangu. Sio ya mtoto, sio ya Mama."

Mzee mmoja aligeuza kicheko kuwa kikohozi. Kijana wa viti aliuliza, kwa adabu kabisa, kama viti virudi sasa au vibaki. Mama mmoja wa nyumba za nyuma alisogea mezani taratibu, akachukua kilo yake ya sukari, akaipakata chini ya kanga na kuondoka nayo. Kiden aliyaona yote, na uso ulimwaka moto.

"Umemzika ndugu yangu kwa chaki," Loro alisema.

"Baba Harriet..."

"Mwalimu gani anafundisha watoto kulilia watu hai? Kesho hapana kwenda. Hiyo makaratasi yako choma. Huyo Mkenya mwambie atafute mwingine."

Akaiendea nguzo ya kwanza, akaanza kufungua kamba. Upande mmoja wa turubai ulishuka juu ya vichwa vya wanawake, na hakuna aliyethubutu kuusukuma.

Serah naye alifika wakati huo huo. Taarifa za msiba zilikuwa zimefika shuleni, akafunga kitambaa kichwani, akanunua sukari njiani, akaja. "Woiye, Mwalimu, pole sana," alianza, kisha akaona turubai lililoinama na uso wa Kiden. Walisogea kando ya jiko, Kiden akamweleza. Serah akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Basi tuitoe hiyo sehemu," alinong'ona. "Usiku huu naandika upya. Wafikirie ua, ama paka. Wageni wanaingia kesho asubuhi, Mwalimu, hatuwezi kuwapelekea kitu imeleta watu matanga."

"Paka?"

"Ama ndege. Kitu chochote haiumizi mtu."

Kiden alikuwa na aibu, na hofu pia, lakini hakuwa amepoteza akili. "Madam, ukitoa mtu, somo inabaki nini? Kupumua. Kupumua hata mbuzi anapumua. Wewe uliona ile darasa leo. Walinyamaza kwa sababu ya paka?"

Nyuma yao sauti ya Haboba ikaita. "Kiden. Kuja hapa."

Kiden alikwenda, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, kwenye ukingo wa mkeka. Alitegemea kufukuzwa. Alikwisha kuanza kufikiria nguo zipi za Harriet ziko kwenye kamba.

"Ndiyo, Mama."

"Nani alikaa na mutoto?"

Kiden hakulielewa swali. "Mama?"

"Wakati anakaa chini na jina ya Jubek. Nani alikuwa pembeni yake?"

"Hapana mtu, Mama. Kitabu inasema mtoto afanye peke yake."

"Hiyo kitabu nani aliandika?"

Kiden alimtazama Serah, na Serah akatazama chini. "Sisi, Mama."

Haboba alitikisa kichwa. Alipoanza kusema tena hakugomba, na hilo ndilo lililomkata Kiden. "Hapa kwetu mutu hakai hivyo peke yake. Hata mujane hana ndugu, hata mutu mubaya, watu wanakuja kukaa na yeye. Nimetoa macho kwa karanga, naona mutoto yangu mudogo amebeba Jubek katikati ya uwanja, hana mutu mukono huu, hana mukono huu. Ndiyo sababu nimelia. Mukeka sio mbaya. Umemwacha mutoto peke yake."

Maneno mawili, *peke yako*, ambayo yeye aliyekata bahari na mawimbi aliyapitisha bila hata kukunja uso. Kiden aliinamisha kichwa. Alikuwa amelitafuta kosa kwenye mkeka, kwenye miguu, kwenye jina la Jubek, na kosa halikuwa huko. Watoto wale sabini na zaidi aliwafungulia kila mmoja jeraha lake, akawaambia waende nalo nyumbani, wajifiche.

"Nimekosa, Mama."

"Umekosa. Utatengeneza." Kisha Haboba akainua uso kuelekea kwenye nguzo. "Loro. Acha kamba."

Loro alikuwa kwenye nguzo ya pili. "Mama, Jubek hakufa."

"Mimi sijui. Na wewe hujui."

"Tukikaa bika tunamuua!"

"Loro, mimi ni mama yake. Nimenyamaza sababu yako, nisikuvunje. Kila mutu hapa Jebel analia wake. Mimi ninakwenda kwa bika ya watu kulia ya kuazima, ninajifanya ninalia mutoto ya jirani." Mama Puok, aliyekuwa kando yake, alifunika mdomo kwa mkono. "Leo nimelia ya kwangu, kwa uwanja yangu. Nimepumua. Usininyang'anye."

Loro alisimama na kamba mkononi. Alikuwa ameamini miaka yote kwamba anamlinda mama yake, na sasa mbele ya majirani aliambiwa kwamba ni yeye aliyelindwa. Ilimuuma. Alitaka kukasirika, akatafuta wa kumkasirikia, akaona uwanja mzima umejaa watu waliokuja mbio kwa ajili ya ndugu yake bila kuuliza hata swali moja.

Katekista Jacob alisogea, kitabu kifuani. Alikuwa mtu wa kufuata utaratibu, na jambo hili halikuwa katika utaratibu wowote aliofundishwa. "Baba Harriet, samahani. Kama tunaomba, nahitaji kujua. Tunamuombea kama marehemu, au kama mtu amepotea?"

Wote wakamgeukia Loro. Hata Haboba hakumsaidia.

Loro aliirudisha kamba kwenye nguzo, akaizungusha, akaikaza kwa nguvu zake zote mpaka turubai likanyooka. "Omba kwa jina yake tu," alisema. "Jubek. Mungu mwenyewe anajua yuko wapi."

Jacob akaomba hivyo, kwa jina tu, na hayo yakawa maombi mafupi kuliko yote aliyowahi kutoa. Wanawake waliitikia kwa kilio, lakini sasa kilikuwa cha chini, kisichokuwa na haraka. Kijana wa viti hakuuliza tena. Mtu mmoja alimwita kwa sauti mama wa sukari arudi, na mama wa sukari akarudi, bila aibu yoyote, akasema alikuwa amekwenda kuongeza.

Kiden alimvuta Serah karibu na jiko. Mkwe wa nyumba iliyofiwa haachi wageni na masufuria akaenda kazini. Wote walijua hivyo. "Madam, kesho utafundisha wewe. Toa maneno ya peke yake. Andika: keti na mtu mmoja wa nyumbani, mwambie jina. Kama nyumbani hakuna mtu, njoo kwa mwalimu."

Serah alitoa kalamu, akaandika akiwa amesimama, karatasi ameiegemeza kwenye paja. "Na mkeka?"

"Mkeka inabaki. Miguu inabaki. Lakini kila mtoto akae na mwingine, bega kwa bega. Mimi mwenyewe ningeweza..." Iliuma kuikosa kesho, iliuma sana, na hakutaka kudanganya kwamba haiumi.

"Ningeweza nini?" Haboba alikuwa anasikia kila kitu. Masikio yake hayakuwahi kuzeeka. "Wewe utakwenda. Bika iko na watu wengi. Darasa iko na wewe tu."

"Mama, watu watasema."

"Waseme. Wamezoea." Akamtazama Serah kuanzia kitambaa mpaka viatu. "Na wewe, Mukenya, hapana kusimama kama askari. Kuna chai."

Serah alikaa chini. Alikunja miguu kwanza, akawaangalia wanawake wengine, kisha akainyoosha.

Katika bika wanaume hukaa kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, na kila mtu anajua mahali pake. Kwa hiyo watu walishangaa Loro alipovipita viti vya wanaume, akavua viatu vyake vya grisi na kuviacha kwenye vumbi, akaja mpaka kwenye mkeka aliokuwa amekaa Harriet, ubavuni mwa bibi yake. Mtoto alijikunja, akijua kwamba zamu yake ya kugombezwa imefika.

Loro alikaa chini kwa shida, maana ovaroli ilimbana magotini. Hakujua mikono aiweke wapi.

"Harriet," alisema polepole, asisikike na wanaume wenzake, ingawa walimsikia. "Hii kitu yenu. Unaanzaje?"

Harriet alimtazama mama yake, kwa sababu mama yake ndiye mwalimu. Kiden alifungua mdomo kueleza, akaufunga. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizofanya siku hiyo.

"Miguu kwanza, Baba," Harriet akasema, akimsogelea mpaka bega lake likagusa mkono wa baba yake. "Nyoosha."

Loro akainyoosha.